Kofia Niliyomwazima Dirck

Mimi Dina Brokaw nimekataa kuolewa mara kumi na tatu, na mwanamume niliyemkataa ni mmoja, huyo huyo. Jina lake Yaff Staats, fundi mapipa, mweusi aliye huru kama mimi, jirani yangu ng'ambo ya barabara hapa Beekdal. Kila mwaka, matufaha yakishakamuliwa na watu wakishamaliza kununua mapipa, Yaff huoga katikati ya juma, huvaa koti lake la kahawia, huvuka barabara, huketi jikoni kwangu na kuuliza. Mimi humpa andazi la moto lenye zabibu ndani, namwambia hapana. Hulila andazi lote, husema asante, huenda zake. Mwaka mmoja tu hakuuliza, na huo ndio nitakaoueleza.

Mtu asidhani simpendi. Ningekuwa simpendi ningemkubali siku nyingi, nikapata mtu wa kunichanjia kuni. Tatizo ni sheria. Hapa New Jersey mwanamke akiolewa, alichonacho chote kinakuwa cha mume: nyumba, ng'ombe, tanuri, mpaka mwiko wa kukorogea uji. Si kwamba namwogopa Yaff. Yaff ni mtu wa kuomba ruhusa kabla ya kuketi kwenye kiti alichokitengeneza mwenyewe. Lakini mwanamke asiye na mali yenye jina lake hana kura, na kura yangu nilikuwa siiachi kwa ajili ya mwanamume, hata awe na mikono mizuri namna gani.

Kura hiyo ilitoka wapi? Ilitoka kwenye haraka. Wakati wa vita na Mfalme, waliokaa kuandika katiba ya jimbo letu walikuwa na siku chache tu, na meli za Mwingereza zilikuwa zimeshaonekana pwani. Wakaandika kwamba wakazi wote waliofika umri wa utu uzima, wenye mali ya thamani ya pauni hamsini, watapiga kura. Wakazi wote. Hawakusema wanaume. Hawakusema weupe. Wengine husema walisahau, wengine husema walikusudia. Mimi sikuwauliza. Wakati huo nilikuwa bado mali ya mtu, na mali haiulizi maswali.

Baadaye marehemu mume wangu, Cato, aliyeendesha gari la ng'ombe la jeshi miaka yote ya vita, alipata uhuru wake, akafanya kazi mpaka akanunua wangu. Akatujengea nyumba, akapanda matufaha sita, kisha kifua kikamchukua. Nilipomaliza kulia, alikuja mwalimu wangu, mama mmoja wa dhehebu la Marafiki aliyenifundisha kusoma miaka mitatu, siku za mvua tu, maana siku za jua nilikuwa shambani. Alikuwa na kitabu cha sheria chini ya kwapa. Akakifungua mezani pangu, akaweka kidole mahali, akaniambia, "Dina, wewe sasa ni mkazi."

Nikamwambia, "Na kabla ya hapo nilikuwa nini, kuku?"

Hakucheka. Marafiki hawacheki ovyo. Alinisomea kuwa sheria mpya imewataja wanaume na wanawake waziwazi, na Oktoba ile nikaenda.

Uchaguzi wetu hufanyika kwenye nyumba ya wageni, siku mbili. Meza moja, sanduku moja la mbao, waamuzi, na karani mwenye daftari. Unatoa karatasi yako yenye majina ya unaowataka, karani anaita jina lako kwa sauti, kama kuna anayekupinga aseme, asipokuwepo karani anaandika, na karatasi inaingia. Karani alikuwa Gerrit Opdyke, kijana wa Bi Neeltje Opdyke, mwenye shamba kubwa kuliko yote Beekdal. Aliita, "Dina Brokaw, mjane." Hakuna aliyesema kitu. Akaandika. Nikasimama pale nikitazama wino unavyokauka mpaka mtu akanisukuma. Kabla ya siku hiyo jina langu lilikuwa limeandikwa kwenye orodha ya mali ya marehemu bwana, kati ya farasi jike na saa ya ukutani.

Miaka kumi nilikwenda. Nilikuwa nikiuza maandazi mlangoni asubuhi, halafu namwachia mtu kikapu, naingia napiga kura, natoka naendelea kuuza. Mwaka mmoja tulimpeleka bungeni mtu aliyesema watoto wa watumwa waachwe huru, na sheria ikapita, ya kuwaachia kidogo kidogo, mtoto atumike kwanza mpaka awe mtu mzima, kama mtu anayechomoa mwiba huku anaogopa kuutazama. Haikutosha. Lakini Sukey, mpishi wa nyumba ya wageni, ambaye yeye mwenyewe bado ni mali ya mwenye nyumba, alinionyesha binti yake aliyezaliwa baada ya sheria, akaniambia, "Shangazi, huyu ana mwisho." Nikajua karatasi yangu ilikuwa na mkono humo.

Sasa nije kwenye ujinga wangu.

Februari ya mwaka 1807 kaunti yetu ilipiga kura ya mahali pa kujenga mahakama mpya. Ama kwetu Beekdal, ama kwa wenzetu Aldersfield, maili saba. Mahakama ikijengwa kwako, unapata mawakili, mashahidi, wafungwa na jamaa wa wafungwa, na wote hao hula. Watu waliingiwa na wazimu. Mchungaji alihubiri juu ya mahakama Jumapili mbili mfululizo. Watu waliokuwa hawajasemeana tangu vita walibebana kwenye magari ya kuteleza juu ya theluji kwenda kupiga kura.

Siku ya pili nilikuwa mlangoni na kikapu changu. Akaja Dirck, mwana wa mwenye kinu, kijana wa miaka ishirini na mbili, mrefu kama ngazi, tayari amevaa sketi ya mama yake juu ya suruali.

"Shangazi Dina, niazime kofia yako ile kubwa."

"Kichwa kinakuuma?"

"Nataka kupiga kura."

"Si ulipiga asubuhi? Nilikuona."

"Asubuhi alipiga Dirck. Sasa anataka kupiga shangazi yake Dirck, amekuja kututembelea."

"Huyo shangazi ana ndevu?"

"Ndiyo maana nataka kofia."

Mimi ni mtu mzima. Nilikuwa na kura yangu ndani ya mfuko wa aproni, nimeikunja vizuri. Ningemfukuza. Badala yake nikavua kofia yangu, ile pana yenye kamba nyeusi, nikamvalisha, nikamfunga kamba chini ya kidevu kwa mikono yangu. Nikamwambia apunguze hatua, anatembea kama anayekimbia mbwa. Nikamwambia ashike sketi mbele, asiishike pande mbili kama anayevuka mto. Watu waliokuwa mlangoni walicheka mpaka mmoja akaangusha pombe yake ya matufaha kwenye theluji. Nilikuwa sijachekesha watu wengi hivyo tangu Cato afe, na nitasema kweli, nilifurahi.

Dirck akaingia. Gerrit alimtazama. Wamesoma shule moja hao, wameiba matufaha yangu pamoja. Akauliza, "Jina, mama?" Dirck akasema kwa sauti nyembamba jina la mjane ambaye hayupo. Gerrit akaita, akaandika. Hakuna aliyepinga, maana kila aliyekuwa mle ndani alitaka mahakama ijengwe Beekdal. Jioni kabla sanduku halijafungwa Dirck alirudi tena na sketi nyingine.

Yaff alikuwa amesimama nyuma ya kikapu changu. Alisubiri watu wapungue.

"Umemfunga kamba wewe," akasema.

"Sikumfunga vizuri? Naona zimemkaa."

"Dina."

"Yaff, wewe unaishi kana kwamba umeshazikwa. Aldersfield nako wanafanya hivi hivi. Nimesikia wamepigisha kura mpaka waliolala makaburini."

"Aldersfield hawanihusu. Kwenye sanduku lile mimi na wewe tumeingia kwa mlango mwembamba. Walioingia kwa mlango mpana wanaweza kulichezea. Sisi hatuwezi."

"Ni mzaha tu."

"Wa kwao ni mzaha," akasema, akavuta kofia yake mpaka machoni akaenda zake. Hakununua andazi.

Kura za Beekdal zilipohesabiwa zilizidi watu, watoto na ng'ombe wa Beekdal. Za Aldersfield zikazidi zaidi. Kesi ikapelekwa bungeni Trenton, na bunge likafuta kura yote. Tukadhani yameishia hapo, tukarudi kwenye kazi zetu.

Habari ilinifikia Novemba, jikoni kwa Bi Neeltje. Nilikuwa nimempelekea maandazi yake ya kila juma. Bi Neeltje ni mjane kama mimi, ila yeye ana ekari mia mbili na meno yake yote. Tulikuwa tukipiga kura siku moja, kila mtu akimficha mwenzake alichoandika, na kila mtu akijua. Mwanawe Gerrit aliingia na gazeti, hakutaka kulisoma, mama yake akamwamuru. Akasoma amesimama.

Bunge limetunga sheria. Kuanzia sasa anayepiga kura ni mwanamume mweupe aliye huru, raia, mlipa kodi. Sheria ilieleza na sababu: kwamba ni lazima, kwa usalama, utulivu na heshima ya jimbo.

"Rudia hapo pa heshima," nikamwambia.

Akarudia.

Bi Neeltje alikuwa anakata mkate. Aliendelea kukata mpaka mkate ukaisha, vipande vyembamba visivyoweza kubeba siagi. Kisha akamuuliza mwanawe, "Mimi nimelivunjia jimbo heshima lini?"

"Mama, si wewe. Ni yale ya Februari. Wanasema wanaume walivaa nguo za kike, haikujulikana nani ni nani."

"Wewe hukumjua Dirck?"

Gerrit akakunja gazeti. "Nilimjua."

"Ukaandika."

"Nikaandika."

Hakuna aliyeniangalia. Hawakuwa na haja, mikono yangu ilikuwa imeshaanza kufunga kamba za kofia hewani, peke yake. Nikachukua kikapu nikatoka bila kudai bei ya maandazi.

Kesho yake mchana Yaff alivuka barabara na koti la kahawia. Matufaha yalikuwa yamekwisha, ulikuwa wakati wake. Nilikuwa nimekaa mbele ya tanuri, sijawasha moto. Alikuwa ameshasikia. Sheria ile haikuniondoa mimi peke yangu, na yeye ilimwondoa.

Nikamwambia, "Karibu, Yaff. Vua koti. Sasa sote wawili ni wanawake."

Alicheka. Yaff hucheka kwa nadra, na akicheka mabega hutetemeka kwanza, sauti huja baadaye. Siku ile mabega yalitetemeka, sauti haikuja. Nikaona anafuta uso kwa kiganja, nikageuka kutafuta kitu rafuni nisichokihitaji.

Nilipomaliza kutafuta nikamwambia, "Ni mimi. Niliwapa sababu. Niliifunga kamba kwa mikono hii."

"Uliwapa kofia," akasema. "Sababu walikuwa nayo."

"Usinipoze."

"Sikupozi, bado nimekukasirikia. Lakini fikiri. Mimi nilimwazima nani kofia? Nilivaa sketi ya nani? Februari nilipiga kura moja nikaenda kupiga mapipa yangu. Mbona nami nimetolewa? Mtu akisema amefunga mlango kwa sababu ya paka, halafu ukaona amefungia nje na ng'ombe, ujue hakuwa na shida na paka."

Nikakaa na hilo. Lilinipunguzia kitu, halikukiondoa.

"Katiba inasema wakazi wote," nikasema. "Bunge limepata wapi nguvu ya kuibadili? Bunge si limezaliwa na katiba?"

"Wanasema hawakubadili. Wamefafanua."

"Wamefafanua 'wote' ikawa 'baadhi'?"

"Ndivyo wanavyosema."

Nilingoja swali. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo nililingoja kweli, na jibu nilikuwa nalo mdomoni. Sababu yangu ya kukataa ilikuwa imekufa Trenton. Angeuliza saa ile, ningesema ndiyo. Yaff akasimama akafunga vifungo vya koti.

"Mbona huulizi?" nikamwambia.

"Leo siulizi."

"Umenichoka?"

"Nikiuliza leo ukakubali, sitajua umenikubali mimi au umekata tamaa. Sitaki kuwa kile mtu anachopewa akishanyang'anywa chake." Akafika mlangoni, akasimama. "Oktoba utafanya nini?"

"Nitakaa hapa nikande unga."

"Haya," akasema, akatoka.

Ule ulikuwa mwaka ambao hakuuliza. Ulikuwa mrefu. Nilikanda unga, nilikamua ng'ombe, na kila mara nikifika barabarani nilimkuta Dirck juu ya gari la kinu ananipungia mkono, "Shangazi, habari za leo," mchangamfu, moyo wake mweupe kama unga wa baba yake. Hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Ile ya Februari kwake ilikuwa imeshasahaulika kabla theluji haijayeyuka.

Oktoba 1808 ilipofika, asubuhi ya siku ya kwanza, nilichukua karatasi, nikaandika majina niliyoyataka. Nikaikunja. Sikukaanga hata andazi moja. Nilivaa gauni la kanisani, nikavuka barabara, nikapiga mlango wa karakana.

Yaff akafungua, ana nyundo mkononi.

"Nilisema nitakanda unga," nikamwambia. "Nimesema uongo. Unakuja?"

Akaweka nyundo, akanawa. Alikuwa na karatasi yake mfukoni tayari. Hakunieleza, nami sikumuuliza.

Tulisimama foleni. Watu walitutazama, wakatupisha, tukakataa kupishwa, tukasubiri zamu yetu. Mbele yangu alikuwa Dirck. Alitoa karatasi, Gerrit akaita jina lake, lake la kweli safari hii, ikaingia sandukuni. Kisha mimi nikafika mezani.

Gerrit hakuinua macho. "Shangazi, unajua siwezi."

"Najua. Nimekuja uliseme kwa sauti."

"Niseme nini?"

"Unavyosema siku zote. Jina, na kama kuna anayenipinga, na kwa nini."

"Unaijua sababu."

"Mimi ninaijua. Hawa hawajaisikia ikisemwa mbele yangu."

Waamuzi wakaangaliana. Mmoja akasema nipite, watu wana kazi. Nikamwambia nami nina kazi, ndiyo maana nimekuja asubuhi. Sukey alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na mwiko mkononi, supu yake inachemka kule nyuma.

Gerrit akasema, polepole, "Dina Brokaw, mjane. Anakataliwa. Sheria inawaruhusu wanaume weupe walio huru, peke yao."

"Na Dirck umempokea."

"Dirck ni mpiga kura halali."

"Leo. Februari ya mwaka jana alipiga tatu. Ya pili alipiga na kofia yangu. Nilimvalisha mimi pale mlangoni, nikamfundisha kutembea, na niliocheka nao wengi wamo humu, nawaona. Sikuja kujitakasa. Nimekuja mlisikie kwangu, msije mkasema liligundulika."

Dirck alikuwa hajaondoka. Akasema, "Shangazi, ulikuwa mzaha."

"Ulikuwa mzaha, mwanangu. Nilicheka kuliko wewe. Lakini hebu tazama. Aliyevaa kofia amepiga kura. Aliyeandika ameshika kalamu. Niliyemwazima natolewa, na labda nastahili. Na huyu Yaff, aliyenikemea siku ile ile, anatolewa pamoja nami. Wewe umesoma kuliko mimi. Niambie nani kati yetu ndiye aliyelivunjia jimbo heshima."

Mara ya kwanza tangu nimjue, uso ukamwiva mpaka masikioni. Akatazama lile sanduku kana kwamba karatasi yake ingeweza kutoka. Kisha akapita katikati ya watu akatoka nje. Sikufurahi kama nilivyotazamia.

Niliweka karatasi yangu mezani, kando ya sanduku. "Usiitie," nikamwambia Gerrit. "Wala usiiondoe. Mimi naiacha hapa, wewe fanya dhamiri yako inavyokuambia."

Yaff akaweka yake juu ya yangu. Alisema sentensi moja tu: "Katiba haijafutwa, Bwana Gerrit, nimeisoma tena jana." Gerrit akaita na jina lake, akasema anakataliwa, na sauti ilikuwa imempungua.

Nyuma yetu kukawa na mchakacho wa sketi. Bi Neeltje. Sikujua kama yumo kwenye foleni. Alikuwa na glavu zake za kanisani na karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mama, tafadhali," Gerrit akasema.

"Niite."

"Mama, nenda nyumbani."

"Nilikuzaa mchana kweupe, mashahidi wapo. Nilikufundisha kushika hiyo kalamu. Sasa kalamu inajua kuandika jina la Dirck, jina langu imelisahau? Niite, Gerrit, na useme sababu. Sema kwa sauti mama yako ni nani ndani ya jimbo hili."

Alimwita. "Neeltje Opdyke, mjane." Alijaribu kumalizia, akashindwa. Mwamuzi mmoja ndiye aliyemalizia kwa niaba yake. Bi Neeltje akaweka karatasi yake juu ya zetu, akazinyoosha zote tatu zikae sawa, akatoka na kichwa juu. Sukey aliniambia baadaye kwamba sanduku lilipobebwa kwenda kuhesabiwa, zile tatu zilibaki mezani, na hakuna mtu aliyezigusa, wala aliyemwagiza azitupe. Alipangusa meza akizizunguka.

Tulirudi na Yaff kwa miguu. Majani yalikuwa yameanguka barabarani na nguruwe wa watu walikuwa wanatafuta matufaha yaliyooza chini ya ua. Tulipofika katikati, kati ya karakana yake na nyumba yangu, akasimama.

"Sina koti," akasema. "Na matufaha hayajaisha."

"Uliza hivyo hivyo."

Akauliza.

Mwaka mzima nilikuwa na ndiyo. Niliamka nayo asubuhi ile, nilikwenda nayo nyumba ya wageni. Nikamwangalia, mikono ile, na kidole kimoja kilichokatwa na shoka zamani. Nikamwambia, "Yaff, nikiolewa na wewe leo, Oktoba ijayo nikirudi pale watasema, huyu ni mke wa mtu, hana mali, hata zamani asingepiga. Watapata pa kujificha. Nataka wakinikataa wasiwe na neno lolote la kusema ila lile alilolisema Gerrit leo. Ulimwona alivyolisema? Nataka walitamke kila mwaka mbele ya uso wangu, wakiwa wamelitoa mdomoni mwao wenyewe. Siwezi kuwapunguzia."

Nguruwe mmoja akaja akanusa kiatu chake.

"Kwa hiyo ni hapana," akasema.

"Ni hapana. Na safari hii inaniuma mimi."

"Siku nyingine haikukuuma?"

"Kidogo. Ningekuambia ungevimba kichwa."

Akatikisa kichwa, akaangalia nyumba yangu, akaangalia yake. Kisha akasema nyumba mbili ni kuni nyingi kupita kiasi kwa watu wawili wazee, na kwamba hakuna sheria aliyoisoma inayomkataza mtu kula chakula cha jioni ng'ambo ya barabara. Nikamwambia aisome tena, wanafafanua sana siku hizi.

Basi anakula kwangu. Watu wana maneno yao, na mchungaji ana yake. Kila Oktoba tunakwenda, mimi, Yaff na Bi Neeltje, na mwaka juzi mama mwingine wa upande wa kinu alijiunga nasi. Gerrit ameacha ukarani. Aliyechukua nafasi yake ni mtu wa haraka, anasema sababu bila kumeza mate, na hilo linanitisha kuliko kimya cha Gerrit. Kwa hiyo namwomba arudie. Nasema sikusikia vizuri, mimi ni mzee. Anarudia. Mwaka jana nilimfanya aseme mara nne, na ya nne alikuwa anaangalia chini.

Uchaguzi ni Jumanne. Miguu yangu imevimba, itabidi tutoke mapema.